Pazia Kati ya Wakhisi na Wakhungu

Bramwel Wakhungu alikuwa mwalimu wa kilimo mjini Kitale, na maishani mwake alikuwa amechapisha kitu kimoja tu: ukurasa na nusu kuhusu mbolea ya kuku, katika jarida dogo la chama cha walimu, mwaka wa 1984. Ukurasa huo aliufunga kwa nailoni, na mgeni yeyote aliyekaa kwake hadi chai ya pili lazima angeonyeshwa. Wa kwanza kuchoka nao alikuwa mkewe, Nekesa.

Mwaka wa 1989 akaandika makala ya pili, safari hii kwa jarida la wasomi huko Nairobi, kuhusu kulinda mahindi ghalani dhidi ya fukusi. Maarifa yote yalikuwa ya mama mkwe wake, Mama Loyce Wakhisi wa Matulo, ambaye mahindi yake yalifika msimu mwingine bila hata tundu moja. Ila mama mkwe ni mama mkwe. Kwa Wabukusu, mtu na mama wa mkewe hawaketi pamoja, hawapeani mkono, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Kwa hivyo Mwalimu alikaa nje, ameupa mgongo ukuta wa jikoni, naye Nekesa akawa anaingiza maswali na kutoa majibu mpaka miguu ikamuuma. Mwishowe mama akatoa sharti, nalo likapita mlango uleule: jina lake liandikwe kitabuni, na kitabu aletewe akione kwa macho yake. Kusoma alijua, tena Biblia yake ilikuwa imechakaa kuliko ya pasta. Mwalimu akaapa.

Mhariri akajibu kwamba makala ni nzuri lakini marejeo ni vurugu. Mwalimu alikuwa ameyapanga kwa heshima: wazee kwanza, kisha kina mama, kisha vijana, na mkiani yeye mwenyewe na mbolea yake ya kuku, kama mwenye nyumba anayekula wageni wakishashiba. Mhariri alitaka kila mtu, aliyeandika na aliyehojiwa, atangulizwe kwa jina la mwisho, kisha herufi ya jina la kwanza, nukta, mwaka, na wote wafuatane kwa alfabeti. Mambo ya Mzee na Mama yaondolewe.

Akaipeleka barua hiyo kwa Bimla, aliyekuwa na duka la vitabu na taipureta mbili karibu na soko. Bimla alikuwa amewapigia taipu mawakili, wachungaji na wagombea udiwani, na hakuna upuuzi wa binadamu uliomshangaza tena. Mwalimu akachungulia juu ya bega lake, akaona Wafubwa, akaona Wakhisi, na chini yake, bila nafasi ya kupitisha hata wembe, Wakhungu. Akashika meza. Akamweleza Bimla kwamba jambo hilo haliwezekani, kwamba yeye na mama yule hawajawahi hata kukaa benchi moja kanisani.

"Mwalimu, alfabeti haina wakwe," Bimla akasema. "Toa hii ya kuku, mambo yaishe."

Afadhali angemwambia ang'oe jino. Mwenye maandishi ishirini anaweza kutoa moja, lakini mwenye moja akilitoa anabaki na nini? Hapa Mwalimu hatetewi. Mwanamume mzima, ana ng'ombe, ana mke mwenye akili, na bado roho yake imening'inia kwenye mavi ya kuku. Bimla, aliyetaka kufunga duka, akasema basi atafute mtu ambaye jina lake litaingia katikati.

Mwalimu akamkumbuka Wakholi wa Malakisi, waliyetahiriwa naye mwaka mmoja. Akamwendea, akamkuta akining'iniza majani ya tumbaku bandani, akamsihi aseme lolote kuhusu fukusi.

"Fukusi? Mwarimu, mimi fukusi sijawahi ona," Wakholi akasema. "Kwangu hakuna mahindi ya kuwareta, bana. Mimi ni mtu wa tumbako."

Mwalimu akayaandika kwa adabu zote. Katika makala yakatokea hivi: si kila mkulima wa Bungoma amewahi kuona fukusi (Wakholi, 1989). Bimla akapiga upya: Wakhisi, Wakholi, Wakhungu. Wakholi akasimama hapo kama ua wa michongoma, na huko kwao Malakisi akaanza kuingia bandani amevaa tai.

Jarida lilifika mwaka uliofuata. Mwalimu alikimbilia ukurasa wa marejeo kabla hata ya kutazama jina lake kule mbele, na Wakholi hakuwepo. Kijibarua cha mhariri kilisema wamemwondoa kwa kuwa hajui lolote kuhusu mada. Lakini Mungu si Athumani: ukurasa ulikuwa umeishia kwa Wakhisi. Mama alikuwa chini kabisa upande wa kushoto, Mwalimu juu kabisa upande wa kulia, kila mtu na boma lake. Akamshukuru Mungu kwa sauti, akampa Nekesa asome. Nekesa akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akalifunga jarida.

"Baba Zachary," akasema, "na kikifungwa?"

Mwalimu akamnyang'anya, akafungua, akafunga, akafungua. Kikiwa wazi, kila mtu kwake. Kikifungwa, mmoja kichwani na mwingine miguuni, lakini kitanda ni kimoja. Tangu hapo jarida likakaa mezani wazi, limekandamizwa kwa vikombe viwili, na wageni wakanywea chai mbali. Aliogopa kwelikweli. Mama yule alikuwa amempa maarifa yake yote, na sasa angeona mkwe amemvunjia heshima mbele ya nchi nzima. Alifikiria kumdanganya kwamba kitabu hakikutoka, lakini kiapo ni kiapo.

Nekesa akakipeleka Matulo kikiwa wazi ndani ya ungo, kimefunikwa leso, na amri kwamba hata mvua ikinyesha kisifungwe. Pale Webuye mama mmoja alimuuliza dagaa ni pesa ngapi. Mwalimu akabaki nyumbani.

Kesho yake Nekesa akarudi, jarida liko kwapani, limefungwa. Mwalimu akasimama. Nekesa akalifungua mezani bila haraka. Katikati ya kurasa zile mbili palikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, kama vile vya kufunika viti vya sebuleni, chenye maua pembeni, kimeshonewa pale kurasa zinapokutana. Mama alikuwa amesoma makala yote kwa kidole, akafika mwisho, akafunga, akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akaomba uzi.

"Amesema, ‘Mwone huyu kijana wangu,’" Nekesa akasema. "Pazia ameweka, sasa unaweza kufunga. Halafu ukimrudishia kitabu chake, uje ukutani. Ana habari ya kunde."

Mwalimu akakigusa kile kitambaa kwa ncha ya kidole, na machozi yakamtoka bila aibu. Akalifunga jarida mwenyewe, polepole, akaenda kutafuta kalamu. Nekesa akavua viatu, akaanza kukanda miguu mapema.