Herufi za Mama Mahin

Persis Nyanchera alikuwa mpiga taipu wa Kisii mjini, mwenye vidole vyepesi na kichwa kigumu. Ukimwambia jambo haliwezekani, hapo ndipo umemtuma. Basi mwaka 1997, alipofariki Mama Mahin, mkunga Mwirani aliyezalisha nusu ya kijiji cha Ikonge, Persis alisema programu ya mazishi ataichapa yeye, Kiingereza na Kiajemi pamoja, ingawa Kiajemi hakukijua hata herufi moja. Mwanawe Haron alizaliwa mikononi mwa mama huyo.

Mume wa marehemu, Mzee Bahram, alimletea beti chache ambazo mkewe aliziandika kwa mkono wake. Alitaka kuzisoma kaburini. Karatasi yenyewe angeizika pamoja naye. Iliyochapwa ndiyo angebaki nayo.

Mwanzoni kompyuta yake ilitoa vijisanduku vitupu badala ya herufi. Persis akahangaika, hadi Jagdish wa duka la vifaa vya ofisi akamwagizia flopi ya fonti, yaani maumbo ya herufi za Kiajemi, kutoka Nairobi. Fonti ikafanya kazi sawasawa. Ila herufi zilishikana, na Persis alifundishwa kwenye taipu kwamba herufi zikipandana, mashine imekwama. Kwenye karatasi ya mzee zilishikana pia, lakini huo, alisema, ni mwandiko wa mkono. Kwa upendo wake wote akazitenganisha, moja moja. Maskini, aliona amezipamba.

Kaburini, karatasi ya mkono ikiwa tayari jenezani, Mzee Bahram alifungua programu. Kisha akatoa sauti moja, akasita, akatafuta nyingine, kama mtoto wa chekechea. Wanawake wakalia, wakidhani ni uchungu tu. Mimi niliyekuwa miongoni mwa waombolezaji pia nilidhani hivyo.

Persis akamfuata pembeni. "Mzee, nimekosea mahali?"

"Ziko zote, Mama Haron. Lakini kwetu huwa zinashikana." Akaikunja ile programu polepole, akaitia mfukoni.

Persis alilia hadi macho yakavimba. Jumatatu akaondoa nafasi zote alizoweka, herufi zikashikana tena. Akachapa nakala moja, akaipeleka Ikonge mwenyewe. Nyumba ilikuwa imefungwa. Machogu, jirani, alikuwa akikata nyasi uani.

"Mzee alichukuliwa na binti yake jana," akasema. "Wameenda ng'ambo. Hakuacha anwani."

"Alibeba nini?"

"Kabegi kamoja tu, na ile karatasi yako ya matanga. Alikuwa anajaribu kuisoma akingoja gari."