Chupa Zilizolala Kwenye Maharage

Siku yangu ya kwanza kazini, mkurugenzi wa depo aliniuliza jambo moja tu kabla ya kunipa funguo. Depo ilikuwa Butembo, mashariki mwa Kongo, nyuma ya maduka ya waagizaji, na katoni za divai zilipangwa humo hadi karibu na mabati.

"Wewe ni Muprotestanti?"

"Ndiyo, patron."

"Wa kweli ao wa kadi?"

"Wa kweli. Mimi hapana kunywaka."

"Basi kamata funguo. Kwa wale wengine, kila mwezi chupa zinavunjika zenyewe."

Hivyo niliingia katika kazi ya divai kwa sababu sikuinywa, nikakaa humo miaka ishirini na sita. Vijana kadhaa wameniuliza namna ya kuchagua divai kwenye orodha, nami nimeahidi kuwaandikia. Nitaandika pia habari ya herufi moja niliyomwandikia mama mmoja wa mji wa Beni, kwa sababu ushauri wote nilio nao leo ulitoka hapo.

Miaka ya kwanza nilikuwa mtunza depo. Nilijifunza kwa kusoma vibandiko vya chupa, kamusi ya Kifaransa mkononi, na kitabu kimoja kisicho na jalada nilichokikuta kwenye kabati la ofisi. Humo nilijifunza kuonja na kutema: unaweka divai kidogo kinywani, unaizungusha, unavuta hewa juu yake, unaitema kwenye ndoo. Mzee wa kanisa letu alipita siku moja akaniona.

"Unatema yote?"

"Yote, mzee."

"Basi tema vizuri," akasema, akaendelea na njia yake. Hakunirudia tena juu ya jambo hilo.

Baadaye mkurugenzi alianzisha cercle, yaani kundi la wateja waliojiandikisha. Kila miezi mitatu tuliwatumia karatasi yenye divai ishirini hivi, na kila mwanachama alichagua sita. Wengi walikuwa wafanyabiashara, walimu wakuu, maparoko. Hawakuzijua divai hizo, wala mwanzoni mimi sikuzijua. Kazi yangu ikawa kuonja zote na kuandika mstari mmoja mbele ya kila jina.

Niliyojifunza ni haya. Usichague chupa kwa uzito wake. Kioo kizito chenye shimo kubwa chini kinaonyesha bei ya kioo tu. Uliza kwanza utakula nini. Kwa mbuzi wa kuchoma, chukua nyekundu yenye tanini, ule ukali unaokausha ulimi kama chai iliyokaa mno kwenye majani. Kwa samaki wa ziwani, chukua nyeupe yenye uchachu kidogo, kama ndimu juu ya samaki. Kwa sombe, yaani majani ya mihogo, yenye mawese, chukua nyekundu nyepesi, kwa sababu mafuta na tanini kali haviishi nyumba moja. Kama wageni wako wamezoea soda, usiwape divai kavu, maana yake isiyo na sukari. Mwaka wa kwanza nilirudishiwa katoni nne za divai kavu nzuri kabisa na barua: imeharibika, ni kali.

Kitabu changu kilisema nyekundu inywewe katika joto la chumba. Sikujiuliza chumba cha nani. Butembo, tunakovaa koti asubuhi, chumba kinafaa. Nilipohamishwa kwenye tawi la Beni, chini kwenye joto, divai ileile ilinijia kinywani kama dawa ya kikohozi. Nikaanza kuandika: kwa watu wa Beni, nusu saa kwenye ndoo ya maji baridi. Nilidhani sasa nimeelewa tofauti ya kitabu na nyumba ya mtu. Nilikuwa bado.

Ni katika tawi hilo nilipokutana na Mama Katungu. Alikuwa mjane, mnunuzi wa kakao, Mkatoliki wa kila asubuhi, mkazi wa mtaa wa Beu. Alisukuma karatasi yetu mezani bila kuitazama.

"Papa wa divai, mutoto wangu iko kwa seminari. Kisha miaka tano ao sita atakuwa padiri. Ni gani itamungojea?"

Kwenye karatasi nilikuwa na alama mbili. S ilikuwa sasa: kunywa mwaka huu. N ilikuwa ngoja. Divai chache hustahili N, kwa sababu lazima ziwe na tanini na asidi ya kuzishikilia wakati zinaiva. Nilimchagulia moja iliyostahili, nikaandika N kubwa. Alichukua chupa kumi na mbili.

"Batanicheka kama haikufika," alisema. "Shemeji zangu bameshasema nitapokea padiri siku ile na pombe ya ndizi tu."

"Itafika, mama."

Tukaonana mara moja tu katikati, mwaka watu walipokimbia mashambulizi katika mitaa ile. Alikaa Butembo miezi minne kwa dada yake Masika, kisha wakarudi Beni pamoja. Nilimwuliza habari za divai. Alisema ziko, nami sikuuliza ziko namna gani.

Siku ya upadiri ilipofika aliniita nizifungue mbele ya wageni. Nilipanda gari kutoka Butembo, ambako nilikuwa nimerudishwa, nikiwa na kizibuo changu mfukoni. Baada ya misa, uwanja wake ulijaa hema, viti na mashemeji. Meneja wa tawi alikaa meza ya pili. Mama Katungu alinishika mkono akaniingiza sebuleni, akaonyesha kabati la kioo.

Chupa nane zilisimama humo mstari mmoja, vibandiko vikitazama mlango, kitambaa cha kufuma chini yake. Hakukuwa na vumbi hata kidogo.

"Kila Jumamosi ninazipanguza," alisema.

Nilijua kabla sijagusa. Divai inayongoja hulazwa, ili divai yenyewe iloweshe kizibo. Ikisimama, kizibo hukauka na kusinyaa, hewa huingia, na divai hugeuka siki. Kwenye kitabu changu ni mstari mmoja. Kwenye depo katoni zililazwa na watu wangu, hata sikulifikiria tena. Sikuwa nimemwambia.

Kizibo cha kwanza kilivunjika kama mkate mkavu. Nikanusa. Cha pili vilevile. Nilifungua zote nane palepale juu ya kabati, nje watu wakiimba na kugonga glasi wakitaka divai ya padiri. Meneja aliingia, akanusa moja, akaniinamia sikioni.

"Sema ni joto ya Beni. Sema ni barabara. Usitaje depo."

Nilimgeukia Mama Katungu. "Mama, zimekuwa siki zote. Ulizichunga vizuri sana. Mimi njo nilikosa. Zilipaswa kulala, na sikukuambia."

Alichukua chupa moja, akainusa.

"Kulala?"

"Kulala chini, mama. Ubavu."

"Miaka sita ninazisimamisha kama askari, na zilitaka kulala!" Alikaa kwenye kiti, akajifuta uso na kitenge. Kisha akainua kichwa. "Masika! Leta lile gunia ya maharage."

"Maharage tena? Batu bamekwisha kula!"

"Leta, nimesema!"

Mwaka ule wa kukimbia, Mama Katungu alikuwa amechukua chupa nne, akazizika katika gunia la maharage ili zisivunjike njiani. Vibandiko vilichanika. Aliporudi aliona aibu kuziweka kabatini na zile safi, akaziacha humohumo, zimelala.

Nilifungua ya kwanza. Kizibo kilitoka kizima, chini chekundu, chenye unyevu. Nilinusa mara mbili, maana sikuiamini pua yangu. Ilikuwa nzuri kuliko nilivyoandika.

Zilifunguliwa tatu kwa watu themanini. Padiri mpya mwenyewe alipita na chupa, akimwekea kila mzee kiasi cha kulowesha mdomo. Waliobaki walikunywa kasikisi, ile pombe ya ndizi, na soda.

"Katungu," shemeji mmoja alipaza sauti, "hii divai inanukia maharage!"

"Basi kula, umeshiba leo mara mbili!" Uwanja mzima ulicheka, naye akacheka. Ya nne aliirudisha kwenye gunia. "Hii ni ya siku mutoto atarudia nyumbani kupumzika."

Mkurugenzi aliniita Butembo wiki iliyofuata. "Umesema mbele ya batu depo ilikosa?"

"Nilisema mimi nilikosa, patron."

"Ni jambo moja." Alinikata nyongeza ya mshahara ya mwaka huo.

Tangu siku hiyo sikuandika N tena. Divai zote zikawa S. Wakurugenzi wawili waliofuata waliniuliza sababu, nikajibu kwamba N inahitaji kulaza chupa, na kulaza chupa kunahitaji nyumba isiyohama. Barabara zilizidi kuwa mbaya, katoni zikachelewa mpakani na kupikwa na jua, wanachama wakapungua mmoja mmoja. Pua yangu nayo ilichoka. Nilistaafu mapema, bila sherehe. Ushauri wangu kwa vijana ni mfupi: chagua cha kunywa na watu walio mezani leo, na mtu akikuuliza, mwambie mpaka jinsi ya kuweka chupa.

Juzi Jumapili, nimetoka ibadani, simu ililia. Mama Katungu. Mwanawe alitumwa parokia ya upande wa Kasugho, na mara chache alizopita Beni hakulala hata usiku mmoja; kwa sababu ya barabara hajafika tangu mwaka juzi. Humsikia tu mtandao unapokubali.

"Papa wa divai, ile ya mwisho ningali nayo. Maharage nimebadilisha mara tatu. Tunayakula, chupa inabakia."

"Imelala?"

"Imelala. Niambie kweli. Ingali inamungojea?"

Nilihesabu kama nilivyohesabu maisha yangu yote. Divai ile imepita kilele chake. Rangi itakuwa ya tofali, na ladha imekwisha kuondoka.

"Kwa divai, mama, wakati wake umepita."

Nilisikia kuku kwake.

"Basi niifungue?"

"Hapana. Iache ilale mpaka afike."

Karatasi za cercle hazipo tena. Zingekuwepo, mbele ya chupa hiyo ningeandika N.