Siku Santuri Zangu Zilipoitwa Uchawi

Naikumbuka asubuhi moja ya Jumamosi, mwanangu, nilipotoka bombani na ndoo kichwani nikamkuta mama mkwe wangu amesimama katikati ya ua wetu, pale Temeke, sanduku langu la harusi liko wazi mbele yake na nguo zangu zimetupwa chini. Juu ya kanga zangu zilikuwa zimetandazwa santuri zangu: nyekundu, ya njano, ya buluu na ya kijani. Alikuwa anazigeuza kwa kijiti. Kwa mkono hakutaka kuzigusa.

"Nini hivi?" akaniuliza.

"Santuri, mama."

"Santuri ni nyeusi! Mie nimeziona santuri wewe hujazaliwa. Santuri gani unauona mkono wako ng'ambo ya pili?"

Nilibaki na ndoo yangu kichwani. Kwa kweli ile nyekundu ukiiinua juani ulikuwa unaona vidole vyako, na katikati yake palichorwa fuvu la mtu lenye meno. Mimi nililizoea fuvu lile kiasi kwamba nilikuwa silioni tena. Mama mkwe ndiyo kwanza alikuwa analiona.

Ngoja nikueleze zilikotoka. Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mitumba ikaanza kumwagika mjini na kila mtu akawa anataka redio ya kanda. Santuri zilionekana takataka, zikauzwa kwa bei ya karanga. Kwetu Kinondoni baba alikuwa na gramafoni, basi mimi nikawa naziokota zile za rangi. Nilipenda rangi kwanza, muziki nikaupenda baadaye. Nilikuwa naishika santuri dirishani, ukuta mzima wa chumba unageuka kama ndani ya tunda.

Na Jumapili alasiri, Mwenyezi Mungu anisamehe kwa yasiyofaa, tulikuwa tunakwenda kwenye ukumbi mmoja pale Kinondoni kusikiliza rege. Vijana wenye nywele ndefu walipiga magitaa taratibu, sisi wasichana tumejipanga ukutani tunajifanya hatuchezi. Siku moja walipanda jukwaani vijana watatu wa Kizungu waliokuwa wakijitolea kufundisha hapa mjini, nywele zimewasimama kama miiba ya nungunungu. Muziki wao waliuita panki. Walipopiga, watu wakadhani vyombo vimeharibika. Kijana mmoja karibu yangu akaniambia, "Sista, hawa wameudhiwa na nani?" Nilicheka mpaka machozi. Kijana huyo alikuwa Idi. Ile santuri ya kijani alininunulia yeye, na baadaye akanioa.

Kwa hiyo alizijua. Hata ile nyekundu yenye fuvu, muziki wake ulikuwa panki ileile, tuliisikiliza pamoja nyumbani kwa baba, Idi akiwa bado mchumba wangu, akaziba masikio. Hilo ulishike, mwanangu, maana ndilo lililonipasua moyo.

Mama mkwe aliita majirani. Akawaonyesha fuvu, akawaonyesha mguu wake. "Mguu huu umevimba tangu aingie nyumba hii. Mwaka umepita, mjukuu sina. Kumbe nalala na vitu hivi! Arudishwe kwao leo hii." Na nguo zangu akaanza kuzirudisha sandukuni, kwa safari ya kuondoka. Neno lile alilitamka mara ya kwanza pale, mbele ya watu: mchawi. Nililisikia nikageuka nyuma kutazama anayeambiwa.

Idi alikuwa amesimama mlangoni. Nikamtazama nikijua atacheka, atasema, "Mama, hizi santuri bwana." Alitazama chini. Nikamwita jina. Akasema, "Tumsubiri maalim."

Mwanangu, sikulia. Mshtuko ukizidi, machozi hayajui pa kutokea.

Maalim alikuja, mzee aliyewafundisha Kurani watoto wote wa mtaa ule, akina Idi wakiwemo. Aliitwa kuja kusoma na kuyafukuza majini yaliyomo humo. Aliichukua ile nyekundu kwa mkono wake, watu wakarudi nyuma. Akaninyooshea.

"Nini hii?"

"Santuri, maalim. Ina muziki wa kelele."

"Basi kama ni santuri itaimba. Nani ana gramafoni?"

Ng'ambo ya barabara alikuwepo Bwana Salim, Mwarabu wetu wa duka, aliyekuwa na gramafoni kuukuu aliyoirundikia majora ya vitambaa. Akaifuta vumbi, akaiweka kwenye baraza lake, mtaa mzima ukahamia pale. Sindano ikashuka.

Sijui nikuelezeje kelele ile. Watoto walikimbia. Kikongwe mmoja aliishika kanga yake kwa meno. Mama mkwe akapiga ukelele kuishinda gramafoni: "Mnasikia? Nyie si mnasikia? Yanagombana hayo humo ndani!"

"Bi mkubwa," akasema Bwana Salim, "hao Wazungu. Hata kwao nadhani wamefukuzwa."

Maalim aliinyanyua sindano yeye mwenyewe. Akasema, "Mimi muziki siupendi, na huu naomba nisiusikie tena mpaka naingia kaburini. Lakini huu si uchawi. Ni vijana waliokosa wa kuwanyamazisha."

Watu wakacheka, wengine wakaanza kuondoka. Mimi nikadhani yameisha. Maalim akamgeukia mume wangu.

"Idi. Wewe ulizijua santuri hizi?"

Idi akainamisha kichwa.

"Ulizijua au hukuzijua?"

"Nilizijua, maalim."

Waliokuwa wanaondoka wakasimama.

"Tangu asubuhi mkeo anaitwa mchawi, nawe umesimama unajua?"

"Niliogopa, maalim. Mama angejua kwamba zile Jumapili alizonituma darsani kwako, nilikuwa kwenye rege."

"Hilo mimi nalijua," akasema mzee. "Mimi si ndiye mwenye darsa?"

Pale baraza zima lilianguka kwa kicheko. Mimi sikucheka. Maalim aliniona sikucheka, akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, sanduku lako limeshafungwa. Unakwenda au unakaa? Usinijibu kwa kunistahi mimi."

Nikamjibu, "Aseme mwenyewe. Asikuambie wewe, maalim. Amwambie mama yake, hapahapa."

Idi akaenda mbele ya mama yake. Jasho linamtiririka. "Mama, tulikutana dansini. Ile ya kijani nilimnunulia mimi. Mke wangu hana kosa. Mwongo ni mimi."

Mama mkwe alijifunga upya kanga yake. Kisha akasema, "Kumbe wa kuogopwa nimemzaa mwenyewe." Akavuka barabara na mguu wake uliovimba, akalinyanyua lile sanduku, akakataa kusaidiwa, akalirudisha chumbani kwangu. Msamaha hakuniomba kwa mdomo. Jioni alinipakulia chakula kabla ya kumpakulia mwanawe, nikaelewa, nikala.

Nilikaa. Niliishi na Idi maisha yake yote, na tangu siku ile hakusemwa mtu vibaya mbele yake kwa jambo analolijua akanyamaza. Namshukuru Mungu kwa hilo kuliko kwa watoto aliotupa baadaye, na kwa watoto nimemshukuru sana.

Sasa nikuusie, mwanangu. Mama mkwe wangu alikosea kwa kutojua, na asiyejua huelezwa akajua. Aliyeniumiza ni aliyejua. Dini yetu imetuamuru tuhakikishe habari kabla hatujamdhuru mtu, lakini nani atahakikisha ikiwa mwenye ushahidi anatazama chini? Siku utakaposikia mtu anaitwa jina baya nawe unajua si kweli, sema. Sema mapema, kabla maalim hajaitwa, hata kama kusema kwako kutafichua la kwako. La kwako watu watalicheka jioni moja. Lake yeye litamfukuza nyumbani. Na ukiwa na mke, au mume, uwe wa kwanza kusema, maana ni wewe utakayetazamwa.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi usiochelewa na moyo usioogopa haki. Akujaalie nyumba ambayo mwenzako akikutafuta kwa macho atakukuta unamtazama. Amina.