Nyosha Mikono

Selina, fundi cherehani wa sare za shule pale Buzuruga, alishuku hata kivuli chake. Mteja akisifu mshono wake, alijiuliza huyu anataka nini. Siku hizi vifungo alivyoshona vilikaa upande. Akashuku uzi, akashuku sindano, akamshuku jirani aliyeazima mkasi.

Lakini aliyemshuku kuliko wote alikuwa mdogo wake wa kiume, Luhende, muuza mchele wa Magu. Kosa lake lilikuwa jina. Babu yao Luhende alikufa akirusharusha viungo bila kutaka, akili imemtoka. Baba yao mdogo, aliyerithi jina, akaenda vivyo hivyo. Baba yao mzazi, Ndalahwa, alikufa kijana kwa ajali, akiwa mzima kabisa. Basi ukoo ukakata shauri: ugonjwa unafuata jina. Ndiyo maana Selina alikataa jina la ukoo kwa bintiye, akamwita Precious, akapata usingizi.

Kila Luhende alipoingia kibandani na kusema, “Shikamoo dada,” alijibiwa, “Nyosha mikono.” Selina aliikagua kama anayenunua samaki sato wa jana. Precious naye alinyosha yake na kucheka.

Luhende alipotaka kumwoa Winnie, Selina aligoma. “Mtoto wa watu aje kuuguza?” Kwa uchungu Luhende akaenda hospitali kupima damu kama anao ugonjwa huo. Jumamosi moja akarudi na majibu.

“Sina, dada. Umdhaniaye ndiye, siye.”

“Umewahonga.”

“Nisikilize. Mwili unatengeneza protini, na kila moja lazima ikunjwe kwa mkunjo wake ndipo ifanye kazi. Kwetu kuna kosa kwenye damu ya ukoo. Protini moja inakunjwa vibaya, inagandamana ubongoni.”

“Kola ikikunjwa vibaya naifumua.”

“Hiyo haifumuki. Watafiti wanajaribu dawa za kuufanya mwili upunguze kuitengeneza, bado hawajafika. Kwa sasa kuna za kutuliza mitikisiko tu.”

“Na jina?”

“Jina halimo. Hata baba, angeishi, huenda ugonjwa ungempata. Kila mtoto wa mwenye kosa hilo ana nafasi nusu kwa nusu, kulirithi au kulikosa.”

Selina akabetua midomo. Hadithi tamu za madaktari! Alitaka kumtimua, ila Luhende alikuwa ameacha kumtazama usoni. Alitazama chini ya mashine.

“Dada, unashona nini?”

“Sishoni kitu.”

Gurudumu la cherehani lilikuwa likizunguka, linasita, linazunguka tena. Chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Selina akautazama mguu wake wa kulia ukiruka juu ya pedali. Akaukanyaga kwa ule wa kushoto. Ukatulia kidogo, kisha ukaruka.

Hofu ikamshika, hofu ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa ajili yake mwenyewe. Selina mwenyewe ndiye aliyeinua mikono na kuinyosha mbele ya mdogo wake, na vidole havikukubali kutulia.

Precious, akidhani ni ule mchezo wa kila siku, akaacha vifungo alivyokuwa akichezea sakafuni, akaja mbio kusimama kando ya mama yake, akanyosha na yake.