Kidole Kilichotangulia Getini

Migdalia Rosado alisugua vyoo vya hoteli za mji wa Kissimmee kwa miaka ishirini na miwili, na klorini ikamlipa kwa kumla vidole. Ncha zake zililainika kama kigae. Alipoomba kazi ya jikoni katika shule moja, mashine ya alama za vidole ilimkataa mara mbili, na karani akamtazama kama mtu aliyejichuna ngozi makusudi ili afiche jambo. Tangu siku ile hakupenda kifaa chochote kinachomwamuru aweke kidole.

Kwa hiyo binti yake Ivelisse alipomnunulia kadi ya mwaka ya bustani ile kubwa ya burudani, ili akamwone mjukuu wake Yarelis akipiga filimbi na bendi ya shule kwenye gwaride, Migdalia alishukuru, akaitia kadi kwenye droo, ikalala humo tangu Januari. Aliyezidi kumtia hofu ni dada yake mkubwa, Nereida, aliyehamia kwake kutoka mji wa Ponce baada ya kufiwa na mumewe, Chago.

"Wanachukua kidole chako wanakipeleka wapi?" Nereida aliuliza kila kadi ilipotajwa. "Bembea haina haja na kidole. Mwenye haja na kidole ni polisi."

"Wanasema ni ili watu wasizungushiane kadi, dada."

"Wanasema! Na kuku naye huambiwa anaitwa kula."

Siku ya gwaride, Jumamosi moja ya Machi, Migdalia alifika getini saa nne asubuhi, saa nzima kabla. Akagusisha kadi, akaweka kidole cha shahada. Taa haikugeuka kijani.

"Jaribu tena, mama," alisema Brenna, binti wa getini. "Bonyeza taratibu."

Alikifuta kidole kwenye sketi, akajaribu tena. Wapi! Nyuma yake baba mmoja mwenye watoto wawili alivuta pumzi kwa nguvu. "Wengine wamekuja kulala hapa, eti?" akawaambia watoto, kwa sauti ya kusikika.

Brenna aliinua mkono, akaja msimamizi, mzee mwembamba aliyeitwa Tolliver. Alisoma leseni ya udereva ya Migdalia, akaangalia kadi, kisha kioo cha tableti yake. Uso ukabadilika.

"Vidole vyangu viliharibika kazini," Migdalia akawahi. "Mashine huwa hazinisomi."

"Hapana, mama. Imekusoma vizuri kabisa. Ila kidole hiki sicho kilichofungua kadi."

"Kufungua?"

"Kadi ikiingia mara ya kwanza tunaiunganisha na kidole cha mwenyewe. Hii iliingia Jumanne, tarehe kumi na tatu Februari, saa tatu na dakika nne asubuhi."

"Mimi sijawahi kukanyaga hapa!"

"Ndiyo maana nauliza." Alisema kwa upole wa mtu aliyekwisha kusikia kila aina ya hadithi. "Ulimwazima nani?"

"Sikumwazima mtu!"

Kwanza Migdalia aliishuku mashine: labda walikuwa wamemchanganya na mtu, na sasa wangemwandika mwizi ili wasikiri kosa. Kisha akamshuku Ivelisse, akajilaumu papo hapo. Halafu tarehe ile ikamrudia. Asubuhi hiyo yeye alikuwa kwa daktari wa macho. Aliporudi alimkuta Nereida pua imebabuka kwa jua, sauti imemkauka, akisema ametoka misa.

Hakumwambia Tolliver. Damu nzito kuliko maji, hata ikichemka.

Tolliver alimpiga picha, akaunganisha kadi upya, akamwonya kwamba likitokea tena kadi itafungwa. Kwa maswali na kusubiri, gwaride lilikwisha kuanza. Migdalia alikimbia na magoti yake mabovu, akaambulia migongo ya wapiga filimbi wakikata kona. Hakujua hata ni mgongo upi wa Yarelis.

Nyumbani alimkuta Nereida akimenya ndizi mbichi.

"Dada, tarehe kumi na tatu Februari ulikuwa wapi?"

"Misa."

"Misa ya Jumanne ndiyo iliyokuunguza pua?"

Kisu kilisimama. "Nilitaka kuona kama kweli wanachukua kidole."

"Na wanachukua?"

"Wanachukua."

"Ukawapa?"

"Niliwapa kidole changu kwa jina lako. Hata wakinitafuta, hawatanipata."

"Watanipata mimi!"

"Wewe huna kosa. Watakuja, wakuangalie, waende zao."

Siku nyingine Migdalia angecheka. "Nimesimamishwa kama mwizi mbele za watu," alisema. "Na Yarelis sikumwona."

Hapo Nereida aliweka kisu chini. Akajifuta utomvu mikononi.

"Kuna lile gari la reli linalopanda mpaka juu halafu linadondoka," alisema mwishowe. "Chago aliogopa urefu, kwa hiyo na mimi nikawa naogopa. Miaka arobaini. Siku ile nililipanda mara tatu. Nilipiga kelele, Migda, nikalia, na hakuna aliyeniuliza nalia nini."

"Ungeniomba kadi."

"Baada ya maneno yote niliyokuwa nayasema? Ningeiweka wapi sura yangu?"

Migdalia hakusema naye kwa siku mbili. Siku ya tatu alimpikia wali wa mbaazi, akampakulia bila neno.

Mwezi Mei bendi ilirudi. Safari hii Nereida alikuwa na tiketi yake mwenyewe. Getini alificha mikono mgongoni.

"Leseni hii hapa. Kidole ni changu."

Tolliver alimtazama, akamtazama Migdalia, akaiona pua ile ile kwenye nyuso mbili. Akakagua leseni, akampisha. Kumbe asiyetaka kutoa kidole ilitosha kuomba tu.

Walisimama mbele kabisa, kambani. Ngoma zilianza kusikika.

"Na ile kamera juu ya nguzo," Nereida alinong'ona, "inamwangalia nani?"

"Mwangalie Yarelis wewe. Yule pale, wa pili."