Sijarara Siku Mbiri

Mama alizaliwa kando ya ziwa, Mara, na miaka yote aliyokaa Tabata haikumwondolea kule kugeuza l kuwa r. Alipoanza kuumwa alinisimulia safari yake ya kwanza kuja Dar, mie nikaiandika kwenye simu vilevile alivyotamka. Si kwa ufundi. Niliishia darasa la saba, naandika ninachosikia.

Dada yangu mkubwa, mwalimu huko Gongo la Mboto, ndiye aliyetaka maneno hayo tuyaweke mtandaoni, kwenye hifadhi inayofungwa kwa neno la siri, maana mama alikuwa amegusia na mambo ya ndugu. Wote wawili tuliweza kuingia. Alinionya kwamba hata wenye hifadhi hawawezi kuyasoma, na tukilisahau neno la siri kitakachotuokoa ni maneno ya akiba aliyoyanakili kwenye karatasi.

Mama akafariki, na siku ya mazishi maneno yake yalisomwa kanisani. Miezi ikapita, siku moja nikawa na hamu ya kumsikia mama, nikafungua faili. Nikakuta: "Nilishuka Ubungo bila kulala kwa siku mbili." Kiswahili safi, cha redioni. Mama hakuwemo. Nikasema huyu ni dada tu, maana Kiswahili kile kilikuwa kizuri mno kuwa changu. Sikuishia kusema moyoni. Nilimwambia mama mdogo kwamba dada amemwondoa mama kwenye maneno yake mwenyewe, na mama mdogo naye hakukaa nalo.

Baadaye nikasikia kwamba hifadhi ile hutunza pia faili lilivyokuwa kabla ya kila badiliko. Lakini simu yangu ilikuwa imekufa, mpya inadai neno la siri, na silikumbuki. Ikabidi niende Gongo la Mboto.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umemfuata mama au umenifuata mie?"

"Nimefuata karatasi."

"Basi kaa. Karatasi haisengenyeki."

Aliitoa kwenye bahasha ya vyeti vyake. Akawa anasoma neno mojamoja, mie nabonyeza, nikikosea anarudia polepole kama yuko na darasa la kwanza. Faili likafunguka. Tukagusa palipoandikwa matoleo ya awali, yakajipanga, kila moja na siku yake, saa yake, na kifaa lilikotoka. Masahihisho yote yalifanywa siku ya mazishi, saa moja asubuhi, kwenye simu yangu. Saa ile dada alikuwa ndani na kina mama, wanamvisha marehemu.

Hapo ikanirudia. Nilikuwa nimekaa nyuma ya turubai, wageni wa kazini kwa shemeji, mume wa dada, wanaingia, nikaona aibu wasije wakamcheka. Simu ilikuwa inapigia mstari mwekundu kila neno la mama na kunipendekezea lingine. Nikawa nagusa, nagusa. Nilisahau au nilijisahaulisha, hata leo sina uhakika.

Kusema haki, siku moja kabla ya mazishi dada aliniambia niyaweke sawa kidogo. Nikamkumbusha.

"Nilisema kidogo," akajibu.

Tukafungua la kwanza kabisa. "Nirishuka Ubungo sijarara siku mbiri. Nikamuuriza konda, Dar ndiyo hii? (Hapa amecheka.)" Dada alisoma kwa sauti, akijaribu kutamka kama mama, akafika kwa konda akanipa simu nimalizie. Sikumaliza.

Nikabonyeza rudisha. Halafu, palepale mbele yake, nikampigia mama mdogo. Nikamwambia aliyemwondoa mama ni mie, na wale aliowaambia awaambie na hili.

Dada alikuwa bado anaangalia yale mabano.

"Alicheka nini hapa?"

Kwenye lile toleo safi hata kicheko nilikuwa nimekifuta. Sasa kimerudi, ila sababu yake sikuiandika popote. Wakati ule nilidhani nitaikumbuka.