Jiwe la Nne

Andika kwanza, mjukuu wangu: baba yangu Ntandu alizaliwa Mtinko, mama yangu Mariamu alizaliwa Mgori, nami nilizaliwa Shelui, baba alipohamia huko kufanya kibarua cha barabara. Usiongeze kitu.

Leo umerudi nguo zako zikinuka petroli, ndiyo maana nimekuita. Harufu hiyo niliisikia nikiwa mtoto, mwaka watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, siku Landrova ya mwalimu mmoja Mzungu iliposimama uani kwetu. Yeye na mkewe walikuwa wametoka Serengeti.

"Simba tumewaona, Mzee Ntandu," alisema kwa Kiswahili cha kukwaruza. "Sasa tunataka kuiona nchi yenyewe. Tupitie wapi hadi Tabora?"

"Barabara kuu mtaona matako ya malori," baba alijibu, na mgeni akacheka sana. "Nitawapitisha nilikopitisha ng'ombe, katikati ya tambarare za Wembere."

Akapanga mawe mavumbini, kila jiwe kijiji chenye kisima. Jiwe la nne lilikuwa kijiji cha mama yangu mdogo. Mama alikwisha kufariki, na huyo mdogo wake alikuja kunitazama juma lililotangulia, baba akiwa kwenye kambi ya vibarua wa barabara. Tukisaga mtama aliniambia kuwa wamehamishwa wote, na kisima wamekifukia ili mifugo isitumbukie.

Kwetu mtoto alipiga goti, akaamkia, akanyamaza hadi wageni waondoke. Basi nilipiga goti, nikaliondoa jiwe la nne, nikalifumbata. Baba alinichapa mkono, akaokota jiwe jingine, akaliweka palepale.

"Huyu anataka kucheza bao na wakubwa," alisema. Wakacheka. Nami nilicheka kidogo.

Waliondoka papo hapo, baba amekaa mbele na kofia ya mgeni kichwani. Gari liliharibika baada ya jiwe la tatu, kiangazi kikiwa kikali. Baba aliwaachia wageni maji yaliyobaki, akatembea kwenda kuchota mengine. Wachungaji waliwakuta wale wawili siku ya tatu, wakiwa hai. Baba alikutwa juu ya udongo wa kile kisima, kucha zimevunjika kwa kuchimba.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilisema, ila hawakunisikiliza. Nilipolea watoto wangu ndipo nilipotambua kwamba kuondoa jiwe si kusema, na kwamba kofi moja zaidi lisingeniua.

Jiwe lenyewe limo katika kibuyu chenye ufa, juu ya dari. Lihifadhi pamoja na karatasi hii. Kofia waliirudisha, hiyo waweza kuitupa.

Jana ulisimama mlangoni ukitaka kusema jambo, nikakufukuza kwa kuwa nilikuwa na wageni. Weka kalamu chini. Sema.